Bia tano, soksi tano na glasi za chai: kuonja bia ukiwa likizo Kigoma

Shemeji yangu ana miaka ishirini na ushee anakunywa bia ya Safari, na miaka yote hiyo anatamba kwamba ukimfumba macho ukampa bia yoyote, atakutajia jina kabla haijafika kooni. Septemba iliyopita nilipanda treni Tabora kwenda kuwasalimia yeye na dada yangu Kigoma, na siku ya pili tu nikamwambia: haya shemeji, leo tunakufumba.

Mimi ni mnunuzi wa asali. Nazunguka Sikonge na Urambo, nafungua ndoo, nachovya kijiti, naonja, nanunua au naondoka. Siku za msimu naweza kuonja ndoo thelathini kabla ya saa saba mchana, natafuta iliyochemshwa, iliyopigwa sukari, iliyorinwa kwa moshi mwingi mpaka inanuka jiko. Kwa hiyo kuonja ni kazi yangu, na kosa kubwa la kazi hii nalijua: kumjua mwenye ndoo. Ukishaambiwa hii ni ya mzee fulani, yule ambaye asali yake husifiwa, mdomo unatii jina. Bia nayo ni hivyohivyo, tena imezidi, maana bia ina nembo, ina matangazo ya redio, ina timu ya mpira na ina marafiki waliokufundisha kuinywa. Ukiwa likizo, una mchana mzima na huna mtu wa kukuharakisha, ndio wakati wa kuivua hizo nguo zote uone kilichobaki.

Siku tuliichagua kwa mwezi. Shemeji ananunua dagaa Kibirizi, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki, kwa sababu dagaa hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Siku hizo ndizo zake za kulala mchana na kutafuta ugomvi wa maneno. Wewe tafuta ya kwako, ila isiwe siku ambayo kesho yake una safari ya alfajiri, na isiwe mara baada ya kula. Migebuka ya kukaanga na pilipili ni chakula kizuri, lakini baada yake ulimi hauna tena kazi ya kufanya kwa saa nzima. Sisi tulikula wali maharage saa saba, tukaanza saa kumi. Samaki walingoja.

Chagua bia zinazofanana. Watu wengi hukosea hapa: wanaweka Guinness pembeni ya Kilimanjaro halafu wanasema wamelinganisha. Guinness weusi wake na sehemu ya uchungu wake vinatoka kwenye shayiri iliyokaangwa kama kahawa. Hata mtoto angezitofautisha, na hujajifunza lolote. Sisi tulichukua laga za rangi ya dhahabu tupu: Safari, Kilimanjaro, Balimi, Serengeti, na Primus moja ya Bujumbura ambayo jirani alirudi nayo kutoka ng'ambo. Tano zinatosha. Ya sita huionji tena, unainywa tu.

Unaponunua, usiseme "nipe hizo" ukaondoka. Igeuze chupa usome tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha uangalie ilikuwa imewekwa wapi. Bia ya namna hii haizeeki vizuri kama watu wanavyodhani. Ikikaa sana kwenye joto inaanza kunuka boksi lililolowa, na uchungu wake unafifia. Jua ndilo baya zaidi. Ile hopsi, yaani maua yanayoitia bia uchungu, ikipigwa na mwanga hugeuka na kutoa harufu ya kicheche, na sitanii, ni harufu ya jamii hiyohiyo. Ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za kahawia, kwa kuwa rangi hiyo huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaodhuru. Ya kijani inazuia kidogo, na nyeupe haizuii kitu. Lakini hata ya kahawia ina mwisho wa uvumilivu. Siku moja kabla ya zoezi letu nilinunua bia kwenye kibanda kimoja karibu na ufukwe, ikiwa imepangwa juani na wenzake, imependeza kweli, inang'aa. Nilipoifungua nilidhani kuna mnyama amekufa nyuma ya kibanda. Sikuisema vibaya bia ile wala sitaitaja, kwani kosa halikuwa la aliyeipika. Nunua zote duka moja, zilizokuwa kivulini, na ulizia rehani ya chupa mapema ili usije ukabishana wakati wa kurudisha.

Sasa kupoza, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoharibu na ndipo tulipotengeneza.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 25, alipendekeza tufunge chupa kwenye wavu tuzitumbukize ziwani, kama alivyoona watu wakifanya. Inapendeza kwenye picha. Ila maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana joto la nyuzi 25 hivi. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, na chini huko kuna baridi zaidi, lakini nani atashuka? Ukiiweka bia hapo ufukweni, baada ya saa mbili unatoa bia ya moto iliyolowa. Friji ya dada nayo ilikuwa imejaa samaki, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Fanya hivi. Chukua ndoo au deli, weka barafu nusu, jaza maji mpaka yafikie shingo za chupa. Maji ni ya lazima: barafu tupu inagusa chupa hapa na pale, ila maji yanaikumbatia pande zote. Halafu tia chumvi, kikombe kizima cha chai au zaidi. Mimi nilikuwa na chumvi ya Uvinza niliyonunua treni iliposimama, maana huwezi kupita Uvinza ukarudi bila chumvi. Chumvi inaiyeyusha barafu kwa haraka na kuyafanya maji yawe ya baridi kuliko barafu yenyewe, chini ya sifuri. Zungusha chupa kwa mkono mara kwa mara. Dakika 15 mpaka 20 zinatosha kabisa; ukisahau saa nzima, bia inaweza kuganda na chupa ikapasuka.

Na sasa kosa letu. Tulizitoa, tukazifuta kwa kitambaa, tukafungua. Mwalimu, jirani yetu mstaafu, alionja glasi ya kwanza akafikiri sana, kisha akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Ina chumvichumvi, pengine ni maji ya huko ilikopikwa." Wote tukatikisa vichwa kwa heshima, mpaka nilipolamba mdomo wa chupa. Ilikuwa chumvi ya Uvinza. Kwa hiyo, ukishatoa chupa kwenye ndoo, isuuze kwa maji safi, hasa kwenye kizibo na shingo, ndipo ufungue. Raundi hiyo tuliifuta.

Jambo jingine kuhusu baridi: usizinywe zikiwa barafu. Sote tunapenda bia inayotoa jasho, na kwa kiu ya mchana wa Kigoma ni haki yako. Lakini ubaridi unauua ulimi, na bia iliyopozwa sana inafanana na kila bia iliyopozwa sana. Zitoe kwenye ndoo, zisubiri dakika kumi kivulini, ndipo umimine. Chupa iwe ya baridi mkononi, isiwe ya kuumiza vidole.

Glasi ziwe sawa zote. Tulitumia glasi ndogo za chai, zile za vibanda vya chapati, ambazo dada anazo dazeni mbili. Zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe mara tatu, zianikwe zikauke zenyewe. Kitambaa cha jikoni kina mafuta, na mafuta ni adui wa povu. Ukitaka kujua kama glasi ni safi, mimina bia uangalie kuta zake: mapovu yakiwa yameng'ang'ania ubavuni kama konokono, hapo pana uchafu. Mpwa wangu alikuwa ametoka kupaka midomo mafuta. Povu lake lilikuwa linakufa kila anapoigusa glasi, akawa analalamika kwamba anapewa bia zilizochacha.

Kumimina apewe mtu asiyekunywa. Kwetu ni dada yangu, ambaye hata wanzuki, pombe ya asali ya kwetu Tabora, hajawahi kuugusa, na aliifanya kazi ile kwa furaha ya mtu anayewaona walevi wakifanya mtihani. Aliingia ndani na chupa, akazivalisha soksi za shemeji, safi, tafadhali, mpaka shingoni, akaziandikia namba kwa plasta. Soksi ni ya nini wakati yuko ndani peke yake? Ni kwa sababu mtu atapita kuchukua simu, atachungulia. Shemeji alipita mara mbili kuchukua simu ambayo ilikuwa mfukoni mwake. Na vizibo avifiche pia, maana vina rangi.

Kiasi: vidole vitatu vya glasi ya chai, basi. Piga hesabu. Chupa ya mililita 500, hata ukiigawa yote kwa watu wanne, ni 125 kila mmoja. Mara tano ni 625, yaani chupa moja na robo kwa mtu, kwa saa mbili. Hapo bado una akili ya kuandika. Ukifungua chupa nzima kwa kila mtu kwa kila aina, hiyo siyo kuonja, hiyo ni harusi.

Weka maji ya kunywa mezani, na kitu kisicho na ladha kali cha kusafisha mdomo. Sisi tulikuwa na muhogo wa kuchemsha bila chumvi. Karanga ziondoe. Mishikaki iondoe, hata kama inanukia kwa jirani. Na sigara iende mbali.

Sasa unaonja. Tazama kwanza, lakini usikae sana hapo, laga zote zile zinakaribiana rangi. Angalia povu linadumu au linaanguka. Halafu nusa. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanaruka. Ziba glasi kwa kiganja, izungushe kidogo, ondoa kiganja, vuta hewa mara moja fupi. Mara ya kwanza ndiyo ya kweli. Ukinusa mara tano pua inachoka. Kisha piga funda la kujaza ulimi, lizungushe, meza. Ndiyo, meza. Wanaoonja mvinyo hutema, lakini uchungu wa hopsi unakuja nyuma ya ulimi baada ya kumeza, na muda unaokaa pale ndio unaotofautisha bia hizi kuliko kitu kingine chochote. Mimi nilihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, mpaka uchungu uishe. Kuna iliyoisha kwenye nne na kuna iliyofika kumi na moja.

Andika kabla hujaongea. Mtu wa kwanza kusema "hii ina mahindi" ameshawatia wote mahindi mdomoni. Sisi tulikubaliana atakayeongea kabla ya kalamu kuwekwa chini ataosha glasi.

Na neno "tamu" lipige marufuku kwenye karatasi. Kiswahili chetu kinalibebesha kila kitu: pilau tamu, wimbo mtamu, usingizi mtamu, bia tamu. Kwenye ndoo za asali nililiacha miaka mingi iliyopita. Tafuta kitu ulichowahi kukinusa. Kimea, yaani shayiri iliyolowekwa ikachipua ikakaushwa, hutoa harufu ya mkate, ya biskuti, au ya makapi ya nafaka kwenye kinu. Chachu wakati mwingine huacha harufu ya ndizi mbivu. Kuna bia ikikuingia puani unaona sufuria ya mahindi mabichi yanayochemka; hiyo inajulikana kwa wapikaji wa bia, ikiwa kidogo haina ubaya, ikizidi ni dosari. Kuna ya siagi. Hopsi hunukia majani yaliyofyekwa, au ganda la limao. Mwalimu aliandika kuhusu namba 2: "Kama darasa lililopigwa deki asubuhi." Tulimcheka, halafu tukainusa tena, tukanyamaza.

Acha tone la kila glasi, kama kidole kimoja, likae dakika 20. Kisha rudia zote zikiwa zimeshapoteza baridi. Watani wa baa husema "moja moto, moja baridi" wakimaanisha jambo lao, lakini hapa ni njia ya kweli ya kazi. Bia ikipata joto haiwezi kujificha. Utamu wa sukari unajitokeza, uchungu unanyooka, dosari inapiga kelele. Namba 4 ilikuwa ya kwanza kwangu ikiwa baridi, ikashuka mpaka ya nne ilipopata joto. Namba 1 ilikuwa haina lolote, ikapanda. Mpaka hapo nilikuwa nimeandika mistari mingi kuliko ninavyoandika kwa ndoo ya asali.

Dada akatoka na karatasi ya majibu jua linazama kwenye milima ya Kongo. Shemeji alikuwa ametangaza kwa sauti kwamba namba 3 ndiyo Safari yake, hata mahakamani ataapa. Namba 3 ilikuwa Balimi. Safari alikuwa ameipa nafasi ya tatu na kuandika "ya wageni". Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema soksi zilikuwa zinanuka.

Tulimpa rufaa kesho yake jioni, na rufaa hii nakushauri uijue hata kama hufanyi mengine yote. Inahitaji bia mbili tu. Mmiminaji anaweka glasi tatu: mbili ni za bia moja, ya tatu ni tofauti. Hauulizwi jina. Unaulizwa tu, ipi si ndugu wa hizi? Kwa kubahatisha tu una nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo ukipata mara moja usishangilie. Rudia mara tatu. Kupata zote tatu kwa bahati ni nafasi moja kati ya 27. Tulitumia Safari na Balimi. Shemeji alipata mara moja. Mimi, mwenye ulimi unaonilisha, nilipata mbili. Aliyepata tatu ni mpwa wangu mwenye mafuta midomoni, na aliposhindwa kueleza aliwezaje, alisema moja "inakaa juu" na nyingine "inashuka". Nimeshasikia warina asali wakisema hivyohivyo kuhusu asali ya miti miwili tofauti, nami siku hizi naandika maneno ya namna hiyo jinsi yalivyo bila kuyasahihisha.

Kuna ubishi mwingine ambao huhitaji ulimi kuumaliza, unahitaji lebo. Shemeji, kama watu wengi wa Kigoma, anasema Primus ya Burundi ina nguvu kuliko bia zetu, ukinywa mbili huoni njia. Tulisoma lebo. Primus ilikuwa na kilevi asilimia 5, Safari 5.5, Kilimanjaro 4.5. Kwa hiyo Safari ndiyo kali? Tazama chupa. Ile ya Primus ni ya sentilita 72, yetu ni 50. Asilimia 5 ya mililita 720 ni mililita 36 za kilevi. Asilimia 5.5 ya mililita 500 ni 27.5. Bia si kali. Chupa ni kubwa, na mtu huhesabu chupa. Ukilinganisha bia ukiwa safarini, kila mara zidisha hivyo kabla hujaisingizia bia ya watu.

Shughuli ikiisha, samaki waje. Tulikula migebuka na ugali saa mbili usiku, kila mtu akajimiminia iliyompendeza kwenye mabaki, na mwalimu akarudi kwake kwa miguu ingawa bodaboda ilikuwa getini, kwa kuwa ni nyumba ya nne na dereva naye alikuwa anachangamka kuliko sisi. Chupa zilizobaki na bia ndani hazikumwagwa. Dada alilowekea nyama ya kesho, na hilo tu ndilo alilokubali kuifanyia bia jikoni kwake.

Chupa nne tulizirudisha dukani asubuhi tukachukua rehani yetu. Ya Primus ilikataliwa, haiendi kwenye kreti ya mtu yeyote. Dada aliichemshia maji, akaisuuza, akaijaza mawese mekundu mpaka juu, akaiziba kwa gunzi na kipande cha nailoni, akanipa niende nayo Tabora. Nilisafiri nayo katikati ya mapaja usiku kucha, na kila abiria aliyepita kwenye behewa aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi.